Nilivyofunga Faili Langu la Mikopo Baada ya Taarifa Kuvuja

Tarehe 7 Septemba 2017, kampuni ya Equifax ilipotangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika mifumo yake na kuchukua taarifa za mamilioni ya watu nchini Marekani, nilishangaa kabla ya kuogopa, kwa sababu sikukumbuka hata siku moja kujaza fomu ya kampuni hiyo. Nilikuwa nimeishi nchini humo kwa miaka kadhaa, nikilipa kadi ya benki na mkopo wa gari kwa wakati, na nilijua kwa mbali tu kwamba kuna kampuni tatu kubwa, yaani Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hukusanya kutoka kwa wakopeshaji habari za madeni ya kila mtu, kuziweka katika faili lake la mikopo na kuziuza kwa yeyote mwenye haki ya kuuliza kama mtu huyo anakopesheka. Mtu akikerwa na duka huhamia duka jingine. Hapa mteja ni benki, nami ndiye ninayewekwa rafuni, kwa hiyo sikuwa na pa kuhamia.

Idadi ya walioathirika ilikuja kufikia takriban watu milioni 147. Zilichukuliwa tarehe za kuzaliwa, anwani na, baya zaidi, namba za Hifadhi ya Jamii, ambazo nchini Marekani humtambulisha mtu anapoomba mkopo. Kadi ya benki ikiibiwa, benki hutoa nyingine kwa siku chache. Namba ya Hifadhi ya Jamii mtu huishi nayo maisha yake yote, na serikali huibadilisha kwa nadra sana. Kilichoniudhi zaidi ni kusoma kwamba udhaifu uliotumiwa na wadukuzi, uliokuwa katika programu ya Apache Struts, ulikuwa umetolewa marekebisho tangu Machi mwaka huohuo, na kwamba wadukuzi walianza kuchota taarifa mwezi Mei na hawakugunduliwa hadi mwishoni mwa Julai.

Tovuti iliyofunguliwa na Equifax ili watu wajue kama wameathirika iliwataka waandike jina la ukoo na tarakimu sita za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo kwa jumla ina tarakimu tisa. Ni kama nyumba imevunjwa, na mlinzi aliyelala anakuomba umwachie ufunguo wa akiba. Masharti ya huduma ya ufuatiliaji wa faili la mikopo ambayo Equifax iliitoa bure yalikuwa pia na kifungu cha kumzuia mtumiaji kushtaki mahakamani, kifungu ambacho kiliondolewa baada ya watu kupiga kelele. Niliamua kutohangaika kujua kama nimo au simo. Kwa idadi ile, lililo salama lilikuwa kujihesabu miongoni mwao.

Niliyasoma mapendekezo mengi wiki ile, na mengi yalihusu ufuatiliaji, yaani kupokea taarifa kila faili lako linapobadilika. Sikuridhika, kwa sababu ufuatiliaji hukuambia kwamba mwizi ameshapita. Nilichokitaka ni kulifunga faili lenyewe, ili mkopeshaji mpya akiuliza habari zangu asipewe, na mtu anayejifanya mimi anyimwe mkopo hapohapo. Kufunga hakupunguzi alama za mikopo, yaani kipimo cha jinsi unavyoaminika kulipa deni, wala hakugusi kadi ulizo nazo. Kasoro yake ni kwamba lazima ufunge kwa kila kampuni peke yake, kwani kufunga kwenye moja na kuacha nyingine ni kufunga mlango na kuacha madirisha.

Jioni ya Jumamosi niliketi na mke wangu tukaanza. Kampuni mbili zilikubali kwa njia ya mtandao baada ya majaribio kadhaa, na kila moja ikatoa namba ya siri ya kufungulia, ambayo tuliiandika kwenye karatasi na kuitia katika bahasha ya kaki. Mojawapo ya hizo tatu, ambayo sitaitaja, ilikataa kabisa. Iliniuliza maswali ya kunithibitisha, kama vile ni ipi kati ya anwani nne niliyowahi kuishi, na hakuna hata moja niliyoitambua. Nilipojibu hivyo, ikanifungia nje. Simu ilipokelewa na mashine iliyorudia maelekezo yaleyale hadi laini ikakatika. Hatimaye nilituma barua kwa rejista ya posta, pamoja na nakala ya kitambulisho na bili ya umeme, na baada ya takriban wiki mbili namba ya siri ikaja. Baadaye nilipoagiza ripoti yangu, niligundua kwamba faili hilo lilikuwa na anwani ya mtu mwingine mwenye jina linalokaribia langu. Nililalamika kwa maandishi, kwa kuwa sheria ya shirikisho huipa kampuni siku 30 kwa kawaida kuchunguza malalamiko ya aina hiyo, na anwani ikaondolewa.

Wakati huo majimbo mengi yaliruhusu kutozwa ada ya kufunga faili, na baadhi yetu tulilipa ili kuilinda mali ambayo hatukuipoteza sisi. Hilo lilibadilika: sheria iliyotiwa saini Mei 2018 ilifanya kufunga na kufungua kuwe bure nchi nzima kuanzia tarehe 21 Septemba 2018. Ombi la mtandao au la simu sasa ni lazima litekelezwe ndani ya siku moja ya kazi, na la kufungua ndani ya saa moja. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo faida pekee ya kudumu tuliyoipata.

Kuishi na faili lililofungwa si kazi kubwa kama nilivyohofia. Tulipotaka kupanga nyumba nyingine, nilimuuliza wakala kampuni ipi angeitumia, nikafungua hiyo moja tu kwa siku tatu, nayo ikajifunga yenyewe. Nilifunga pia katika ChexSystems, kampuni inayotunza kumbukumbu za akaunti za benki, ambayo benki nyingi huiuliza kabla ya kufungua akaunti. Kwa upande wa kodi ya mapato, kufunga faili hakumzuii mwizi kudai marejesho ya kodi kwa jina lako, hivyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilipofungua mpango wake wa namba ya siri ya tarakimu sita kwa walipakodi wote mwaka 2021, nilijiandikisha, na kila mwaka hupata namba mpya.

Kuhusu fidia nina machache ya kusema. Suluhu ya Julai 2019 ya kumaliza mashtaka dhidi ya Equifax ilitajwa kufikia dola milioni 700, na watu wakaahidiwa hadi dola 125 kila mmoja. Lakini fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, ambazo kwa kiwango hicho zingetosha watu 248,000 tu. Maombi yalipofurika, Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha serikali kinacholinda wateja, yenyewe ikawashauri watu wachague ufuatiliaji wa bure badala ya fedha.

Mwaka huohuo, miezi kadhaa baada ya suluhu, ilikuja barua kutoka benki nisiyowahi kushughulika nayo. Ilisikitika kunijulisha kwamba ombi langu la kadi limekataliwa, na sababu iliyoandikwa ni kwamba faili langu la mikopo limefungwa. Sikuwa nimeomba kadi yoyote. Nilipiga simu kitengo cha udanganyifu cha benki hiyo, nikaandikisha taarifa ya wizi wa utambulisho kwa Tume, kisha mke wangu akaichukua ile barua, akaisoma mara ya pili kwa sauti, akacheka, akaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na namba za siri.