Nimeilaumu shingo miezi miwili, kumbe skrubu

Gitaa langu la besi lilikuwa linanitia aibu. Natyuni vizuri nyumbani, nabeba, nafika mazoezini, wimbo wa pili tu E, ule uzi mnene kuliko wote, ishashuka, na E ya besi ikishuka si mchezo, ukumbi mzima unahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawajui nini, ila mpiga kinanda wetu anajua, tena ananigeukia na lile jicho lake.

Besi yenyewe ya mtumba, imekuja na kontena, nimeinunua kwa jamaa anauza makochi na mafriji hapa mjini, wala hakujua anauza nini, akanambia "hilo gitaa lina nyuzi pungufu, ntakupunguzia". Nikanyamaza kimya nikalipa. Ni kopi ya Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, uzi kutoka mwanzo mpaka kwenye daraja lake, pale chini unapoegemea, inchi 34, vikazio vinne vya kukazia nyuzi vyote upande mmoja wa kichwa, giya ziko wazi kwa nyuma unaziona meno yake.

Sasa ukiangalia video za mtandaoni kila mtu anakwambia shingo, shingo, trasirodi, yaani kile chuma cha ndani ya shingo. Nami nikakubali shingo imekwisha. Nikampelekea fundi mmoja, simtaji, akatia alenki akaizungusha kama anafunga nati ya gurudumu la gari, nikarudi nyumbani nyuzi zimelala juu ya freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, kila nikigusa zzzz, zzzz. Nikakasirika nikailegeza mwenyewe, nikailegeza tena, halafu masika ikaingia, mvua wiki nzima, nguo hazikauki, besi iko ukutani inakunywa unyevu na sisi, mara nyuzi zimepanda juu huko unaweza kupitisha kidole chini yake. Vidole vikaniuma wallahi. Na E bado inashuka!

Mtu aliyenisaidia hajawahi kushika besi maisha yake. Jirani yetu hapa Kikwajuni, Unguja, seremala, anatengeneza milango na vitanda, mtu mzima, sote tunamwita Ami. Nilipita kuomba gundi tu akaniona nayo mkononi, akasema lete nione. Akaikamata kwa kichwa, akaipeleka jichoni, akafumba jicho moja akaitizama kwa urefu wake vile vile anavyotizama ubao kabla hajaupiga randa.

"Imebinuka," akasema. "Inavutwa mbele."

Nikamwambia Ami, hizo nyuzi nne zikikazwa zinavuta zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, usiku na mchana, ndo maana ndani ya shingo mmewekwa chuma cha kuishindanisha. Akatikisa kichwa, akapitisha kidole nyuma ya kichwa cha besi, akakishika kikazio cha E akakitikisa. Kikacheza. Kwa macho yangu nikaona bati lake linanyanyuka kwenye mti kisha linarudi.

"Na hili jino linalotikisika je?"

Yakhe, niliona haya. Miezi miwili nazungusha chuma cha shingo, na kitu chenyewe kinachoshika uzi kinaning'inia! Kila kikazio kina skrubu nne ndogo zinashika bati, za E mbili zilikuwa zinazunguka tu bila kukaza, tundu zishaliwa, na moja ishakula kutu mpaka kichwa hakishiki bisibisi. Hapa kwetu na hii hewa ya chumvi, chuma ukikiacha miezi mitatu bila kukigusa kinakuwa rangi ya chai.

Basi nikaenda nyumbani na ujanja wangu, nikachomoa chelewa mbili kwenye ufagio wa mama nizichomeke kwenye tundu na gundi. Mama akaniona. "Mwanangu, ufagio wangu umekosa nini?" Na ile chelewa hata haikufaa, Ami alicheka akanambia chelewa ina ngozi inateleza, gundi haiingii ndani, akanichongea vijiti vyembamba vya mti mkavu, unavichovya gundi ya mbao, unavishindilia mpaka tundu ijae, unakata usawa, unaacha mpaka kesho. Khasa hiyo "mpaka kesho" msiipuuze, mie kikazio cha A nilikikaza usiku ule ule kwa kiherehere ikabidi nirudie. Siku ya pili unatoboa tundu dogo kwa kitu chembamba kuliko skrubu, ndo unafunga, na usikaze kwa hasira, ukifika mwisho imefika.

Kuna skrubu nyingine watu hawaioni, ile ya katikati ya giya. Ikilegea kikazio kinazunguka kwa uvivu, unakipinda kidogo na uzi haujibu, halafu ghafla unajibu. Nikazikaza zote nne kiasi tu, giya igeuke bila kukwama, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno. Tone moja, si kukaanga.

Na kutyuni pia nilikuwa nakosea. Giya zina nafasi kidogo kati ya meno, kwahiyo ukipita noti ukashusha mpaka pale unapotaka, ile nafasi inabaki wazi na uzi utaifuata tu, utashuka wenyewe. Shuka chini zaidi ya noti kisha panda, malizia kwa kupanda kila mara. Tena simu nyingi hazisikii vizuri E ya besi, iko hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, chini sana kwa maiki ndogo ile, mie nagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, inatoka ile sauti ya kengele mara mbili ya hapo, 82, simu inaisoma bila kuyumba. Na ukitia uzi mpya usiusokote mara kumi kwenye mhimili, mizunguko miwili mitatu ikienda chini inatosha.

Wenzetu wa udi wao vigingi vyao ni mti ndani ya mti, vinakaa kwa msuguano tu, hakuna giya wala skrubu, na mvua ikinyesha wanapata tabu yao nyingine. Na ukipita Vuga jioni ukawasikia Culture, wale wa taarabu, wanafanya mazoezi, lile besi kubwa la kusimama halina freti hata moja, mpigaji akiona noti imekwenda pembeni anausogeza kidole yamekwisha. Mie freti ishakaa pale ilipokaa, besi ikiwa haikutyuniwa sina pa kujificha.

Haya shingo sasa, maana kweli ilibinuka, Ami hakukosea. Lakini niliigusa baada ya vikazio kukaa wiki nzima E haijashuka, kwa sababu trasirodi unaipima nyuzi zikiwa zimetyuniwa kamili, vikazio vikicheza unapima uongo. Unakandamiza uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, huo uzi wenyewe unakuwa rula yako, halafu unatizama pengo kwenye freti ya 7 au 8. Linatakiwa pengo dogo, kama milimita 0.3, kadi ya biashara ipite kwa shida. Shingo haitakiwi inyooke kabisa kama rula, uzi wa besi unapiga wimbi pana, lazima upate pa kuchezea. Langu lilikuwa karibu milimita moja.

Ukizungusha kulia chuma kinakaza, shingo inanyooka, kushoto inalegea na upinde unaongezeka. Nikaenda robo mzunguko, nikatyuni tena, nikaiacha mpaka kesho yake, nikaongeza robo nyingine, basi. Na alenki iwe saizi yake khasa. Yangu milimita 4 inakaa, ila zipo zilizotengenezwa Marekani zinataka ya inchi, ukiweka ya milimita iliyo karibu nayo inaingia lakini inacheza, itakula zile kona za ndani na hapo ndo utalia. Ikiwa ngumu sana acha, usivunje.

Baada ya hapo nikashusha nyuzi kidogo darajani, nikalinganisha ile kengele ya freti ya 12 na noti yenyewe ukikandamiza pale pale, noti ya A ilikuwa juu kuliko kengele yake, nikavuta nyuma kidogo kitandiko chake, kile kipande kinachobeba uzi darajani. Kazi ya dakika kumi.

Kilichobaki ni kikazio cha G, jino moja la giya limelika, kikifika pale kinaruka. Nimemuagizia mtu anaekuja kutoka Dar aniletee kingine. Jumamosi tuna harusi Bububu, naenda nacho hivyo hivyo, bisibisi mfukoni, na mpiga kinanda nshamwambia ageuke upande wa pili.