Tabaruku ya Amu

Wallahi hii safari bado inanikaa moyoni. Tulitoka Mombasa alfajiri mimi na shangazi, tukapita Malindi, Garsen, Witu, kila kizuizi polisi wanapanda basi kuangalia vitambulisho, mpaka alasiri ndo tukashuka Mokowe tumechoka hoi, tukaingia boti na Amu, yaani Lamu, hiyo mbele yetu. Ilikua Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, gatini watu wa maulidi wamejaa, punda wamebebeshwa magunia ya mchele.

Sasa pale tulipoahidiwa kulala tukaambiwa pashajaa. Shangazi akakaa juu ya begi, miguu imemvimba. Mara mama mmoja mwenye buibui akasimama akauliza, "Mmekuja maulidini?" Tukamwambia ndio. Akasema basi nyinyi wageni wa Mtume, twendeni nyumbani. Hivyo tu, hatujui hatumjui! Kwake ni Langoni, chumbani tushawakuta wageni saba, na sinia la pilau lilipowekwa nikaona haya kusogea manake naona kabisa chakula ni kidogo, akanivuta mkono, "Mtume katufunza chakula cha wawili chatosha watatu, kula mwanangu." Tukala tukashiba, na sinia likabaki na kitu.

Usiku tukaenda msikiti wa Riyadha. Sisi wanawake upande wetu, wanaume wamejipanga safu wanayumba pamoja na matwari, zile ngoma za mkono, yanaanza polepole halafu yanapanda, udi unafuka, na ilipofika kiyamu kila mtu akasimama, tukarashiwa marashi, machozi yakanitoka sikuyazuia. Nikamkumbuka Habib Swaleh, aliyeuanzisha msikiti huu, mtu aliyetoka Ngazija akaja Amu, akafungua darsa yake hata kwa wale waliokua wanadharauliwa mjini kwa asili zao, waliotoka utumwani. Kwangu mimi baraka ya pale Riyadha imeanzia hapo, kwenye ule mlango aliowafungulia watu. Na yule mama wa Langoni ananifanyia hayohayo, anafungua mlango wake.

Siku ya kurudi akanipa halwa na tende kwenye karatasi, "Hii tabaruku, chakula cha baraka, usifike nayo nzima."

Basini nikakaa na dada mmoja Mkristo, amepakata mtoto ana homa, wanarudi Garsen. Nikamkatia halwa nikamwelezea imetoka wapi. Akaipokea kwa mikono miwili akasema amina, akamlambisha mtoto kidogo kidogo, alafu akanipa ndizi mbili kutoka kwenye kikapu chake na tukawaombea watoto wetu njia nzima, yeye kwa dua yake mimi kwa yangu. Konda nae akapata tende, na mzee wa kiti cha nyuma.

Nimefika Mombasa nimebaki na kipande kimoja, nimekiweka kwa ajili ya mamangu anaumwa, haamki kitandani. Akakinusa, akasema kina harufu ya Amu. Akakikata nusu, akaniambia kimbia upeleke hii kwa jirani kabla hajalala.