Siku moja uani: fremu ya mtiki kuzunguka bwawa la sato

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nanoa. Patasi mbili na kisu cha randa, jiwe limelowa, redio inajisemea yenyewe. Leo ni siku ya pili ya kazi hapa Tanga mjini, uani kwa mama mmoja mstaafu anayefuga sato. Anasema anafuga kwa ajili ya wajukuu na kwa ajili ya kuwakomoa mbu, na hakosei, sato wanakula viluwiluwi vya mbu. Anataka fremu ya mbao kuzunguka bwawa, yenye masanduku ya kupandia maua, ili mjukuu wa miaka miwili asifike majini kirahisi.

Saa moja na robo guta limefika na mbao. Ni mtiki wa shamba la Longuza, Muheza. Vitabuni unaitwa msaji, lakini ukienda na jina hilo kwa wauza mbao watakuuliza mara mbili. Nazipitia moja moja pale pale barabarani, kabla mwenye guta hajaondoka. Moyo wa mtiki una rangi ya kahawia na mafuta yake mwenyewe, ndiyo maana unavumilia maji. Pembeni kuna weupe, na weupe huo mchwa anaula kama biskuti. Mti uliovunwa mdogo una weupe mwingi. Nimerudisha mbao tatu; kijana wa guta kanuna, nami nimemwacha anune.

Saa mbili na nusu, kamba. Bwawa lina futi nane kwa tano, ila aliyelijenga alilipinda, upande mmoja umezidi mwenzake inchi tatu. Ukilifuata bwawa na fremu itapinda. Kwa hiyo nafuata kamba yangu: futi kumi na mbili kwa tisa kwa nje, na ukipima kona hadi kona lazima upate kumi na tano kamili. Mara ya kwanza tumepata kumi na tano na inchi mbili. Tumesogeza kigingi, tukapima tena, tukasogeza tena. Kati ya fremu na ukuta wa bwawa naacha nafasi ya futi moja ya kokoto, na humo ule upinde unajificha.

Nafasi ile haiko kwa urembo tu. Sanduku la futi kumi na mbili, upana futi moja na kina futi moja, likijaa udongo uliolowa lina uzito wa zaidi ya nusu tani. Ukiliegemeza kwenye ukuta wa bwawa, siku ya mvua kubwa ukuta unaingia ndani. Sanduku lisimame lenyewe, juu ya besi zake za zege.

Kabla ya kuwasha msumeno tumetandaza chandarua chakavu juu ya maji. Vumbi la mbao likizama linaoza na kuchafua maji, na samaki ndio wanaolipa.

Saa nne, chai ya rangi na mihogo. Mama katoka na galoni mkononi.

“Fundi mwanangu, nimekutafutia oili chafu gereji. Mchwa wa mtaa huu wana meno.”

“Ahsante mama, lakini hapa haiingii. Mvua ikiiosha inakwenda bwawani. Ikitanda juu ya maji samaki wanakosa hewa, na sumu yake inabaki humo.”

“Basi ungechukua zile mbao za kijani zilizotiwa dawa.”

“Dawa ile nyingi ina shaba na arseniki. Kwa nguzo ya uzio sawa. Kwa sato, hapana.”

Kaiangalia galoni yake. “Na mchwa je?”

Nikamwonyesha besi: zimepanda inchi nne juu ya ardhi, mbao haigusi udongo popote. Mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga njia yake juu ya zege, nawe utaiona na kuibomoa kwa fagio. Ndani ya masanduku kuna nailoni nzito. Kaguna, karudi ndani na oili yake. Sijui kama nimemshawishi, lakini galoni imeondoka.

Karibu na adhuhuri dogo, msaidizi wangu, kaharibu ubao. Ubao wa upande mfupi unafunika ncha za mbao ndefu, kwa hiyo unakuwa na futi tisa. Yeye kapima katikati ya mbao ndefu, kakata futi nane na inchi kumi. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, tena kwenye mninga, kwa hiyo sikupiga kelele sana. Tumeukata vipande vya inchi kumi, vikawa vigawanyo vya ndani, kimoja kila baada ya futi tatu. Bila hivyo udongo unazisukuma mbao zinafanya tumbo.

Swala, wali wa nazi, kivuli kidogo.

Saa nane na nusu tunafunga kwa skrubu zisizoshika kutu. Msumari wa kawaida ukiingia kwenye mtiki unaacha doa jeusi linalotiririka kama machozi ya wanja. Halafu mashimo ya kutolea maji: yote yatazame nje, hakuna hata moja linaloangalia bwawa. Mama atatia samadi, na maji ya samadi yakiingia bwawani mwani unazidi. Usiku mwani nao unavuta hewa ile ile ya samaki, na alfajiri unawakuta wako juu wanahema.

Saa kumi na moja, ubao wa juu wa kukalia, kona zote nyuzi arobaini na tano. Kona ya nne imeacha mwanya unaopitisha kucha. Nimeutazama, nimeenda kunywa maji, nimerudi, bado upo. Nimeifungua na kuipitisha randa mara mbili.

Rangi sipaki. Mtiki utageuka kijivu wenyewe.

Saa kumi na mbili tumekunja chandarua: kiganja cha vumbi, skrubu mbili na penseli niliyomsingizia dogo tangu asubuhi. Mama kashatanguliza kopo la mrehani kwenye sanduku tupu. Sato wa kwanza kapanda juu, kazunguka mara moja, kashuka.