Mkungu Umeonekana Uyole

Nilijua kundi letu la WhatsApp limekufa siku Mtani alipomwandikia Fundi, "Asante sana ndugu yangu, ubarikiwe." Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Hawa ni watu ambao kwa miaka hawajawahi kusalimiana bila kusutana. Mtani kumwita Fundi "ndugu yangu" ni sawa na mke kumwita mumewe "ndugu mjumbe". Ujue ndani hakuna amani.

Nikapandisha juu kuangalia. Wiki nzima ilikuwa kadi za kufowadiwa za "Jumatatu njema", pole mbili, na orodha ya michango ambayo kila mtu anainakili na kuongeza jina lake chini. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Watu arobaini na kitu, wenye adabu zao, kama wamekaa sebuleni kwa mkwe.

Haikuwa hivyo tulipoanza. Tulikutana Uwanja wa Sokoine, upande wa mzunguko, kule kwa tiketi za bei ya chini, msimu wa 2013/14. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ndiyo kwanza ilikuwa imepanda Ligi Kuu, na huku mitaani ilikuwa zambarau tupu. Hatukuwa tunajuana. Ila mtu wa mpira akikaa mahali timu ikashinda, mechi ijayo atarudi kukaa palepale, na msimu ule timu ilishinda sana. Tukajikuta kumi na mmoja, sura zilezile, kila mechi.

Majina tulipeana hapohapo. Mimi niliitwa Mwamvuli, kwa sababu nilikuja nao uwanjani. Walio nyuma walipiga kelele, "Mwamvuli, shusha!" Mvua ya Mbeya ikikolea, walewale wanakuja kujibanza chini yake. Fundi ni seremala, mtu wa Tukuyu. Mpe mazungumzo yoyote, hata ya bei ya saruji, atayafikisha 1986, mwaka ambao Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa Bara. Afande wala hakuwa afande, alikuwa anauza vitenge Mwanjelwa, ila timu yake ilikuwa Prisons, timu ya Magereza, wapinzani wetu wa hapahapa Mbeya. Alikaa na sisi, kwa maneno yake mwenyewe, ili atuombee mabaya kwa karibu.

Na walikuwepo wale wawili. Mtani, Mngoni wa Songea, na Mzee wa Redio, mwalimu mstaafu, Mhehe wa Kalenga, Iringa, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Ilomba, hapa Mbeya. Wangoni na Wahehe walipigana sana karne ya 19, na vita vilipoisha wakabaki na utani. Mtani alikuwa akimwambia, "Mzee, wewe uko hai leo kwa sababu babu yangu alimsamehe babu yako." Mzee anajibu bila kugeuka, "Babu yako hakusamehe, alikimbia. Mtu anasamehe akiwa amesimama."

Jina lake lilitokana na redio ndogo aliyoibana sikioni mechi nzima. Tulidhani anafuatilia viwanja vingine. Kumbe alikuwa anasikiliza mechi hiyohiyo aliyokuwa anaitazama. Tulipomuuliza alisema mtangazaji ana macho mazuri kuliko yeye. Goli likifungwa sisi tunaruka, yeye anainua mkono: "Subirini, bado halijatangazwa."

Mkungu ulizaliwa tarehe 13 Aprili 2014. Azam walikuja Sokoine wakihitaji ushindi ili wawe mabingwa. Fundi alisimama mbele ya watu akaapa kwamba Azam hawachukui ubingwa kwenye ardhi yetu, na wakichukua, yeye atampelekea Mzee wa Redio mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake. Azam walishinda 2-1. Tukamaliza ligi wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga na juu ya Simba, jambo ambalo mpaka leo nalisema taratibu ili lisikike vizuri.

Mkungu haukuja. Kundi likaundwa wiki ile, na nadhani liliundwa hasa kwa ajili ya kuudai. Mwaka wa kwanza Fundi alisema haujakomaa. Baadaye akatangaza umeshaondoka Tukuyu. Tukawa tunaripoti safari yake: umeonekana Kiwira unakula wali maharage, umekwama Isongole kwa ukungu, umeacha kazi, umeoa. Lipuli ya Iringa ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 ikafungwa na Azam haohao, Mzee aliandika maneno manne tu: "Hata ndizi za kufariji?"

Kilichotunyamazisha hakikuwa kitu kimoja. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wenzetu kadhaa waliokuwa bado wanahangaika na namba za NIDA wakapotea, wengine moja kwa moja. Waliorudi walirudi na namba mpya na watu wapya nyuma yao: shemeji, jirani, bosi. Huwezi kumtania mtu bosi wake akisoma. Halafu ikaja misiba na michango, tukapata mhazini, na palipo na mhazini watu hukaa wima.

Kisha Mzee wa Redio akafariki. Alizikwa kwao Kalenga. Tulichanga, wachache walisafiri, Mtani hakwenda. Baada ya hapo hakuna aliyetaja mkungu tena, maana ungemtaja Mzee, na hakuna aliyejua kama bado inaruhusiwa kucheka.

Nilipoamua kulifufua kundi nilianza vibaya. Niliweka utaratibu, "Ijumaa ya Kumbukumbu", kila mtu alete kisa cha zamani. Ijumaa ya kwanza nilipata tiki za bluu nyingi na kidole gumba kimoja. Nikaomba picha za zamani. Zikaja tatu, chini yake watu wakaandika, "Mungu ametutoa mbali." Nikaunda kundi jipya la wale wa mwanzo tu, nalo likawa kimya vilevile. Nilikuwa nimehamisha maiti chumba.

Mwezi Juni 2024, ile baridi ya Mbeya ambayo unavaa koti kwenda jikoni, niliitoa kabatini simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka, nikaichomeka kwenye chaji. Mazungumzo ya tangu 2014 yalikuwemo. Nikaketi na jiko la mkaa na blanketi, nikasoma mpaka saa nane usiku, nikicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza ninachati na nani.

Nilichokiona usiku ule ndicho kilichonisaidia. Katika maelfu ya meseji zile, hakuna utani hata mmoja ulioanza kwa "Wadau, mnakumbuka?" Ulianza kwa kusingiziwa. "Afande umeonekana Mafiati umevaa zambarau." "Mwamvuli ule aliuazima kanisani, mwenyewe anautafuta." Hapo mhusika anatoka mbio kujitetea, wenzake wanajitokeza kutoa ushahidi wa uongo, na kabla ya saa moja mnakumbushana mambo ya miaka mitano nyuma bila mtu kuombwa akumbuke. Mtu ukimwuliza swali anaweza kunyamaza. Ukimsingizia, atajibu hata akiwa kwenye kikao.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikaandika kwenye kundi kubwa, mbele ya mabosi na mashemeji wote: "Mkungu umeonekana Uyole. Umesimama njia panda peke yake, unauliza basi la Iringa. Fundi amepita pale akajifanya hauoni."

Dakika ishirini, kimya. Nikaanza kufikiria kufuta. Ndipo Afande akaingia: "Umevaa nini?"

"Jezi ya 1986."

Fundi hakuweza kuvumilia. "Wewe Mwamvuli, saa hizi Uyole unafanya nini? Mama watoto anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyeuona kwanza."

"Umezeeka, masikini," akaandika mwingine ambaye sikuwa nimeona jina lake tangu laini zizimwe. "Unatembelea mkongojo. Nimeupa nauli ya kufika Igawa."

Afande akaleta ya timu yetu kushuka daraja mwaka 2023: "Zambarau zenyewe zimerudishwa darasa, huo mkungu utapokelewa na nani?" Akajibiwa na watu sita kwa mpigo. Akajitetea kwa ubingwa wa Prisons wa 1999, Fundi akamwambia 1999 ni jana, aje na mwaka wenye heshima. Katikati ya vurugu hiyo mhazini wetu, kijana msomi aliyejiunga miaka ya karibuni, akauliza kwa adabu zote: "Samahani wadau, mchango wa mkungu ni shilingi ngapi na mwisho ni lini?"

Sijui kama tumewahi kucheka hivyo. Mtu mmoja alituma ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini ambao haukuwa na neno, kicheko tu na jogoo akiwika nyuma yake. Kijana wa watu aliposimuliwa kisa, naye akaingia kazini: akaandika orodha, namba moja Fundi, deni mkungu mmoja, riba chane moja kwa mwaka.

Ila Mtani alikuwa kimya. Nilimwona amesoma. Jioni nikaanza kuona kwamba labda nimechimbua kitu ambacho kwake bado ni kidonda. Saa tatu usiku akapiga simu.

"Mwamvuli, ule mkungu ulikuwa wa nani?"

"Wa Mzee."

"Basi upelekwe."

Ndipo akaniambia. Msiba ulipotokea alikuwa Songea, hana nauli, na aliona aibu kuomba. Kumbe lililomuuma halikuwa kukosa mazishi, ni kukosa kazi yake. Kwa mila, mtani ndiye anayetakiwa kuvuruga msiba: azuie jeneza mpaka alipwe, amwige marehemu, awalazimishe wafiwa kucheka na machozi yakiwa mashavuni. "Mhehe amezikwa kimya kama afisa wa serikali," alisema, "na mimi Mngoni nipo hai."

Sikutaka twende kumtonesha mjane, kwa hiyo nilimtafuta kwanza yule mtoto wa Ilomba, naye akamuuliza mama yake. Jibu likarudi: "Mwambieni huyo Mngoni amechelewa, na faini ipo."

Tulikwenda Agosti, watano. Fundi alishuka Uyole akiwa na mkungu wa kweli, umefungwa kwa majani makavu ya migomba, mkubwa kiasi kwamba kondakta alitaka ulipiwe siti. Tuliupiga picha pale njia panda, peke yake, tukatuma kundini bila maelezo. Wasafiri wenzetu walidhani tuna kichaa. Igawa picha, Makambako picha, Mafinga picha, na kila kituo watu arobaini na kitu wanajibu.

Kalenga tulifika alasiri. Mtani alitutangulia, akajilaza chali kizingitini, miguu nje, kichwa ndani, akaanza kupiga kelele kwamba ndani ya nyumba hii kuna Mhehe ameondoka bila kumuaga, ana deni la miaka kumi la matusi, na haondoki mtu mpaka alipwe kuku na mke. Majirani wakaanza kutoka. Watoto wakakusanyika. Mimi nilikuwa nimeshika kofia mkononi, sijui niangalie wapi.

Shemeji, mjane wa Mzee, alitoka taratibu, kajifunga kitenge. Alimtazama Mtani pale chini kwa muda. Akarudi ndani. Nikajua tumeharibu. Akatokea tena na ile redio, ileile, betri zimefungwa kwa mpira, akaibana sikioni, akainua mkono.

"Subiri," akasema. "Bado hawajatangaza kama umefika."

Mtani alicheka, halafu akalia, halafu akaendelea kudai kuku huku analia. Alilipwa. Baadaye tulikwenda wote kaburini, akamwambia Mzee mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine kuhusu babu yake.

Tuliporudi tulitenganisha mambo: michango ina kundi lake na mhazini wake, hili la mzunguko halina mhazini wala kadi za Jumatatu. Tulijiwekea mpaka mmoja tu: ugonjwa na mshahara wa mtu, hayo hatuyagusi. Timu ilirudi Ligi Kuu 2025, kwa hiyo chakula cha mdomo kikawa tele.

Lakini kuna jambo nataka liwekwe sawa. Jioni ile Kalenga, Afande aliuhesabu mkungu mbele ya shemeji akasema chane moja imekatwa. Kwa kuwa kutoka Makambako hadi Mafinga mimi ndiye nilikaa karibu nao, wameniondolea jina langu la miaka yote. Sasa hivi naitwa Chane. Nimekana, na nitaendelea kukana. Fundi alipoupakia kule Tukuyu, nani alihesabu?