Cusco si mahali pa kulala tu ukisubiri treni ya Machu Picchu

Watu wengi wakienda Peru akili yote iko Machu Picchu, yale magofu maarufu ya Wainka kule milimani, Cusco wanalala tu asubuhi wanawahi treni, na mi naona wanajinyima kitu kikubwa sana aisee. Huu mji ndo ulikuwa makao makuu ya dola ya Wainka na mpaka leo watu wanaishi humohumo katikati ya kuta zao, wanafungua maduka, watoto wanaenda shule, teksi zinapita. Ila tafuta mwenyeji wa kukuzungusha. Sisi tulipata dada mmoja mzaliwa wa palepale, Kikechua, lugha ya Wainka, kakua nacho nyumbani, bila yeye ningeishia kuona mawe.

Alituanzishia Qorikancha, hekalu la jua. Kuta zake zilikuwa zimevikwa mabamba ya dhahabu, yakabanduliwa 1533 kulipia fidia ya mfalme Atahualpa ambaye Wahispania walikuwa wamemshika, dhahabu wakachukua na mfalme wakamuua vilevile. Baadaye watawa wa Kidominiko wakajenga kanisa na nyumba yao juu ya hekalu. Sasa 1950 likapiga tetemeko kubwa, majengo ya watawa yakabomoka vibaya, kuta za Wainka zikabaki zimesimama! Na zingine zilizokuwa zimefichwa nyuma ya plasta ndo zikaonekana tena. Dada akatusogeza karibu tuone sababu: ukuta umeegemea ndani kidogo, milango mipana chini inabana kwenda juu, mawe yamechongwa yakashikana bila udongo wala saruji katikati, nilitafuta upenyo wa kupitisha hata ukucha sikuupata. Na hawa watu hawakuwa na chuma, waligonga jiwe kwa jiwe gumu zaidi. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaanza kuniita.

Mtaa wa Hatun Rumiyoc kuna lile jiwe maarufu lenye pembe kumi na mbili, limejaa watu wa selfi, tukapiga picha tukaondoka. Kwenye kanisa kuu nako kuna mchoro wa Marcos Zapata wa Yesu na wanafunzi wake kwenye chakula cha mwisho, na katikati ya meza sahani ina simbilisi, mnyama ambaye watu wa milima ya Andes wanamla mpaka leo kwenye sherehe. Nimeupenda sana ule mchoro. Halafu nje hapo, Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji, dada akasimama akatusimulia habari za Túpac Amaru II, aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Hispania, walivyomuua hapohapo 1781 na mkewe Micaela Bastidas, na alivyokuwa anasimulia ungedhani anaongelea watu wa ukoo wake.

Mchana tukapanda Sacsayhuamán, ngome ya Wainka juu ya mji. Cusco yenyewe iko kama mita 3,400 juu ya bahari na huku ni juu zaidi, hewa nyepesi, kwa hiyo kunywa chai ya majani ya koka, tembea taratibu, usione aibu kupumzika. Kuta tatu zimepangana kwa ngazi, zimekunjwa zigizaga, kuna jiwe linakadiriwa zaidi ya tani 100, na walivuta kwa kamba na nguvu za watu maana hawakutumia magurudumu. 1536 Manco Inca, mfalme wa Wainka, alijaribu kuurudisha mji mikononi mwa watu wake na vita kali ikapiganwa hapa. Baada ya hapo Wahispania wakageuza ngome kuwa machimbo, mawe ya kubebeka wakayateremsha mjini kujengea makanisa na nyumba zao, yaliyobaki ni yale yaliyowashinda uzito. Hiyo iliniuma kwa kweli.

Q'enqo na Tambomachay, magofu mengine ya Wainka, tulipita harakaharaka, jua lilikuwa linazama.

Kama unapanga kwenda, boleto turístico, yaani tiketi ya pamoja ya watalii, inakuingiza Sacsayhuamán, Q'enqo na Tambomachay, lakini Qorikancha na kanisa kuu unalipia pembeni. Na ukiweza lenga tarehe 24 Juni, ndo Inti Raymi, sikukuu ya jua, inaanzia Qorikancha inapita Plaza de Armas inamalizikia Sacsayhuamán, ila hoteli shika mapema sana maana mji wote unajaa.