Hatimaye mafuta ya karafuu yamekubali kuchanganyika

Jana sato wazazi (samaki wa kuzalishia) wote nililaza kwa mafuta ya karafuu, wakapimwa uzito bila purukushani, na wote waliamka. Nina furaha isiyo kifani, maana nimehangaika na jambo hili msimu mzima.

Kilichonitesa ni kuchanganya. Yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ndiyo inayolaza samaki, haipatani na maji. Ukidondosha mafuta moja kwa moja ndooni yanajikusanya matone: mengine yanatua chini, mengine yanatanda juu. Sato anayekutana na tone anapinduka papo hapo, na mwenzake pembeni bado anarusha maji. Ukiongeza mafuta kwa ajili ya huyo mbishi, yule wa kwanza anaacha kupumua. Nilikoroga kwa mkono, nikakoroga kwa mwiko, nikaweka pampu ya hewa. Matone yalipungua ukubwa, hayakuisha. Inakera sana!

Dawa yake ni ethanoli. Sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 9 za ethanoli, unatikisa. Kila mililita hapo ina takriban miligramu 100 za mafuta, kwa hiyo mililita 5 kwenye lita 10 za maji ni kama miligramu 50 kwa lita. Simimini ndooni moja kwa moja: naanza na chupa ya maji ya bwawani, natikisa mpaka yawe meupe kama tui, ndipo namwaga huku pampu inaunguruma. Sasa wanalala kwa pamoja. Ninachotafuta ni samaki kulala ndani ya dakika 3 na kuamka ndani ya 5. Kulala nimefanikiwa, kuamka bado wanachelewa.

Hapo ndipo MS-222, dawa ya unga ya kulaza samaki, inapoyashinda mafuta. Rafiki alinigawia kidogo, na sato waliamka upesi zaidi. Lakini ni tindikali, lazima uitulize kwa baikaboneti ya sodiamu, hasa kama maji yako ni laini (yana madini machache). Marekani, samaki wa kuliwa aliyelazwa kwa MS-222 husubiri siku 21 kabla ya kuliwa. Tena ni ghali na lazima uagize, wakati karafuu tunazo.

Kuhusu vifaa: tumieni chupa ya kioo, mafuta haya yanakula baadhi ya plastiki. Na bomba la sindano lisilo na sindano ni bora mara mia kuliko kitone (kifaa cha kudondoshea). Kitone kinakudanganya kila tone.

Nilipanga kujaribu fenoksiethanoli, dawa nyingine ya kulaza samaki, baada ya hapa. Nimeiweka kando, kwa sababu nimekumbuka mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba. Mafuta ya makonyo kwa kawaida yana yujenoli nyingi kuliko ya karafuu yenyewe, na bei yake ni nafuu. Chupa nimeshaagiza. Nitaanza na miligramu 30 kwa lita, sato mmoja mmoja, saa mkononi.