Nilivyojifunza uhunzi nikiwa fundi wa kuchomelea

Kazi inayonilisha ni kuchomelea. Natengeneza mageti, grili za madirisha na matela ya pawatila hapa Moshi. Uhunzi nimeuingia ukubwani, kwa mapenzi tu, Jumapili jioni na zile siku ambazo umeme umekatika na karakana imelala. Sikutafuta hela. Nilitaka kuelewa wazee wetu walifanyaje kazi yote ile bila mashine wala grenda.

Huku kwetu uhunzi hauko mbali. Mamba, jirani na Marangu, bado kuna wahunzi, na zamani mikuki yao iliwafikia Wamasai huko tambarare. Chuma kingi kilitoka Upareni, hasa Ugweno, ambako watu wa ukoo wa Washana waliyeyusha mchanga mweusi mzito uliookotwa kwenye vijito. Siku hizi hakuna anayeyeyusha mchanga. Mhunzi anafua springi za magari na nondo za skrepa. Lakini moto, koleo na nyundo ni vilevile.

Mzee mmoja wa huko milimani alinikubalia niende nikatazame. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba na mimi ni fundi wa vyuma. Akanipa koleo na kipande cha nondo, akasema, "Haya fundi, kitie ncha." Mkono wangu ukawa unatafuta grenda. Sisi wa kuchomelea ncha tunaipata kwa kuondoa chuma, na urefu tunaupata kwa kuongeza kipande. Mhunzi haondoi wala haongezi, anakihamisha chuma kilekile kutoka hapa kwenda pale. Kwa mtu aliyezoea tepu na hesabu za kukata, hilo linageuza kichwa kabisa. Nondo ya mraba ya milimita 16 ukiifua hadi ibaki milimita 8 kila upande, urefu wake unakuwa mara nne. Ukitaka ncha ya pembe nne yenye urefu wa sentimita 9, unatenga sentimita 3 tu za nondo, nyingine itajileta yenyewe. Nilipoanza kupiga hesabu hizo chaki mkononi, yule mzee alinitazama kwa furaha. Yeye hakuwahi kuziandika popote, ila jicho lake halikosei.

Vifaa havikunisumbua, na hapo ufundi wangu wa mchana ulinibeba. Jiko nimelitengeneza kwa drami ya breki ya lori: chini nimechomelea paipu ya inchi 2, juu yake kisahani chenye matundu, na pembeni feni ndogo yenye kitufe cha kupunguza upepo. Usiudharau huo upepo. Ukizidi, hewa inapita kwenye mkaa bila kuungua yote, nayo inakula chuma na kukivika magamba meusi. Mkaa nauvunja vipande vya ukubwa wa limau na kuulundika juu, ili chuma kikae katikati ya moto, mbali na tundu la upepo. Fuawe yangu, yaani kitako cha kufulia chuma juu yake, ni kipande kinene cha ekseli ya lori, kimesimamishwa ndani ya gogo la mkaratusi, kimo chake sawa na ngumi yangu nikisimama mikono imening'inia. Niliwahi kuletewa kipande cha reli kwa bei ya kutupa nikakataa. Reli ni njia ya treni, mali ya umma, na fundi anayeinunua kichochoroni ndiye anayemlipa mwizi.

Kigumu kilikuwa macho. Mchomeleaji huutazama moto kupitia kioo cheusi, naye hutafuta kitu kimoja: chuma kiyeyuke, kiwe dimbwi. Kwenye jiko la mhunzi, chuma kikianza kuyeyuka na kurusha cheche umekiharibu. Inabidi ujifunze kusoma rangi kwa macho makavu, tena kivulini, kwa sababu juani chuma chenye moto wa kutosha huonekana kijivu tu. Nimejengea upande mmoja wa kibanda mabati mpaka chini kwa ajili hiyo. Wekundu uliofifia haufai kwa kupiga. Nondo laini naifua ikiwa ya manjano, na nikiona imerudi nyekundu nairudisha jikoni. Springi hailetwi kwenye manjano makali, inatosha iwe ya chungwa. "Usipige kilichopoa," mzee alikuwa akinikumbusha, "kirudishe." Anayepiga chuma kilichopoa anachosha bega lake, na kwenye springi anaweza kufungua ufa ambao atauona siku ya kutumia kifaa.

Nikafika kwenye jambo lililonifanya niupende uhunzi kuliko nilivyotarajia. Kila mchomeleaji anajua kwamba springi ukiichomelea hivihivi itakatika, tena si kwenye mshono, bali pembeni yake. Wateja wanarudi nayo wakilalamika. Tunachowaambia ni kwamba springi haichomeleki, basi. Kwa mhunzi nikapata sababu. Springi ina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.6, wakati chuma cha kawaida cha geti hakifiki asilimia 0.25. Chuma chenye kaboni hiyo kikipata moto mkali kisha kikapoa ghafla kinakuwa kigumu na chenye kuvunjika kama kioo. Pembeni ya mshono ndivyo kinavyofanyika: moto wa fimbo ya kuchomelea unapita, chuma baridi kilichobaki kinaunyonya mara moja. Kitu kilichokuwa adui yangu karakanani, mhunzi anakiita kwa makusudi, kisha anakituliza. Hapo ndipo makali yanapotoka.

Nililifanyia kazi hilo kwenye mundu wa mama, wa kukatia majani ya ng'ombe. Nilichukua springi ya Land Cruiser, nikaijaribu kwanza kwenye grenda: cheche zilipasuka vijimatawi vingi, dalili ya kaboni, tofauti na cheche ndefu chache za fleti ba, chuma laini cha bapa. Nikaifua, nikaikunja, nikaiacha ipoe polepole ndani ya majivu ili ilainike na kukubali tupa, kile chuma chenye meno cha kuchongea. Baada ya kuichonga nikairudisha jikoni nikiwa na sumaku ya spika mbovu. Chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi sumaku haikishiki tena. Nikaongeza moto kidogo kupita hapo, nikaichovya kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa. Nilipopitisha tupa kwenye makali iliteleza bila kuuma. Mundu ulikuwa mgumu, lakini ukianguka kwenye jiwe ungekatika vipande viwili.

Kuutuliza ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nilisugua ubapa mpaka ung'ae, nikaweka bamba nene la chuma jikoni, lilipokuwa jekundu nikalitoa na kuulaza mgongo wa mundu juu yake. Rangi zikaanza kutembea kutoka mgongoni kuelekea makali: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Makali yalipofika kahawia, mgongo ukiwa tayari buluu, nikauzima kwenye maji. Makali yamebaki magumu ya kukata, mgongo umekuwa wa kuvumilia. Mama ameutumia msimu mzima wa mvua kwa kuunoa kwenye jiwe tu.

Kwa fundi mwenzangu atakayejaribu: paipu za maji na chochote kilichopakwa zinki kisiingie jikoni. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi kali usiku, nasi wachomeleaji wengi tunaijua homa hiyo. Karakanani huwa tunaambiana tunywe maziwa, lakini maziwa hayaondoi moshi uliokwisha kuingia kifuani. Vaa pamba au ngozi, maana shati la nailoni huyeyukia mwilini. Na usianze na kisu. Anza na koleo lako mwenyewe, kwa sababu koleo litakufundisha kubapa, kutoboa na kufanya vipande viwili vifanane, na usiposhika chuma sawasawa hutakipiga sawasawa.

Sasa niko kwenye kuunga vyuma viwili kwa moto na nyundo, bila umeme wala fimbo. Nasafisha nyuso zikutane, natia boraksi, unga wa kusaidia vyuma vishikane, kama ile ya masonara, nasubiri chuma kiwe cheupe chenye unyevu juu yake, kisha mapigo mepesi ya haraka. Nondo kwa nondo inashika, hata nikiibana na kuikunja kwenye jiliwa, kibano cha mezani, haiachi. Springi kwa nondo bado inafunguka ukingoni, kwa kuwa springi inataka moto mdogo kuliko mwenzake, na mzee ameniambia nikiziweka jikoni nondo itangulie.